Maswali ya Wasomaji: Seli za Sola za Makutano Mengi Chini ya Lenzi

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu seli za sola zinazorundikwa tatu, nne au hata sita juu ya kisahani kimoja chembamba cha fuwele, kisha kuwekwa chini ya lenzi ili zipokee mwanga wa jua mara mamia. Tumejibu kwa hesabu kila ilipowezekana, maana kazi hii haiendi kwa kukisia.

Swali: Ndugu Mhariri, kurundika seli kunaongezaje ufanisi, ilhali mwanga unaoingia ni uleule?

Mwanga ni uleule, ila kila semikondakta ina pengo lake la nishati, yaani nishati ndogo kabisa inayoweza kuing'oa elektroni ili itembee. Fotoni (chembe ya mwanga) yenye nishati ndogo kuliko pengo hilo hupita bila kunaswa. Yenye nishati kubwa hunaswa, lakini ziada yake hugeuka joto papo hapo. Seli ya aina moja basi hupoteza pande zote mbili. Wanafizikia William Shockley na Hans Queisser walipiga hesabu ya hasara hizo mwaka 1961, na kwa jua lisilokusanywa kikomo cha seli moja ni karibu asilimia 33. Kwa silikoni ni kama 29. Ukirundika seli nyingi bila ukomo na kukusanya mwanga hadi mwisho wa uwezekano, nadharia inaruhusu karibu asilimia 87.

Rundo lililozoeleka lina tabaka tatu, kila moja ikiwa seli yenye makutano yake, yaani mpaka ambapo pande mbili za semikondakta hukutana na kuzalisha umeme. Juu ni fosfidi ya galiamu na indiamu, pengo lake eV 1.9 hivi (eV, elektroni-volti, ni kipimo cha nishati). Katikati ni asenidi ya galiamu iliyotiwa indiamu kidogo, eV 1.4. Chini ni jemaniamu yenyewe, eV 0.67. Ukitaka kujua kila moja inanasa mwanga hadi urefu gani wa wimbi, gawa 1240 kwa pengo lake: utapata takribani nanomita 650, 885 na 1850. Seli yenye pengo kubwa lazima ikae juu. Ukigeuza mpangilio, jemaniamu itameza kila kitu na waliobaki hawatapata chochote.

Swali: Wakuu, ninaiga seli ya makutano matatu kwenye kompyuta. Nimeongeza unene wa jemaniamu na kuboresha uso wa nyuma, lakini mkondo haubadiliki hata kidogo. Kosa liko wapi?

Programu yako inasema kweli. Seli hizo tatu zimeungwa mfululizo, na mkondo unaopita ni mmoja kwa zote. Ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji: mwendo wa safu nzima ni wa yule aliye mzito kuliko wote. Katika rundo hili seli ya juu na ya kati hutoa takribani miliampea 14 kwa kila sentimita ya mraba chini ya jua moja (yaani mwanga wa jua usiokusanywa), wakati jemaniamu huweza kutoa zaidi ya 20. Ziada hiyo haina pa kwenda. Kumwongezea nguvu aliyekwisha kuwa na nguvu hakusogezi kitu.

Shughulikia tabaka mbili za juu. Ukiona seli ya kati ndiyo dhaifu, punguza unene wa seli ya juu ili sehemu ya mwanga iliyo chini ya nanomita 650 ipenye na kuifikia ya kati. Hiyo ndiyo sababu seli ya juu mara nyingi huwa nyembamba kuliko unene ambao ungenasa mwanga wote. Ukiona ya juu ndiyo dhaifu, ongeza unene, au punguza pengo lake kidogo.

Chunguza pia ni spektra ipi, yaani mgawanyo upi wa rangi za mwanga, umeiingiza. Kwa mwanga unaokusanywa na lenzi tumia spektra ya kiwango AM1.5D, ya mwanga wa moja kwa moja, si AM1.5G inayojumlisha mwanga uliotawanywa na anga. Mwanga uliotawanywa una buluu nyingi, na lenzi haiwezi kuukusanya. Aliyesawazisha mikondo kwa AM1.5G atajikuta seli ya juu ina njaa pindi mtambo unapotoka nje. Asubuhi na jioni hali huzidi, kwa kuwa mwanga hupita katika hewa nene zaidi na buluu hupungua. Wabunifu makini hawasawazishi kwa saa sita mchana peke yake. Huchukua spektra za mwaka mzima za mahali mtambo utakapokaa, kisha hutafuta unene unaotoa nishati nyingi kwa mwaka.

Swali: Diodi ya handaki kati ya seli na seli inafanya nini hasa? Tulipima sampuli yetu chini ya jua 100 ikawa nzuri, tulipofika jua 700 mchoro wa mkondo na volteji ukaonyesha bonde la ajabu.

Ukiweka seli moja juu ya nyingine bila kitu kati yake, upande wa p wa ya juu (wenye upungufu wa elektroni) unagusana na upande wa n wa ya chini (wenye elektroni za ziada). Hapo huzaliwa makutano ya kinyume yanayozuia mkondo. Diodi ya handaki huondoa kizuizi hicho: pande zake mbili hutiwa uchafu wa makusudi kwa wingi mno, atomi kiasi cha 10¹⁹ hadi 10²⁰ kwa sentimita ya ujazo, kila upande ukiwa na unene wa nanomita kumi na kitu hadi ishirini na kitu. Elektroni hupenya ukuta huo kwa njia ya kikwantumu, na volteji inayopotea ni ndogo sana.

Upenyaji huo lakini una kilele. Mkondo ukizidi kilele, diodi huruka ghafla kwenda tawi lingine la mchoro wake na kula sehemu kubwa ya volti. Bonde mnaloliona ndilo hilo. Mkondo wa saketi fupi unaweza kubaki unaonekana mzuri, kwa sababu pale rundo lina volteji ya kutosha kuisukuma diodi, lakini nguvu imeshaanguka. Ili kuhakikisha, pimeni mkipandisha volteji, kisha mkiishusha. Michoro miwili isipolingana katika eneo la bonde, mshukiwa amepatikana.

Hesabu ya wastani inadanganya hapa. Jua 700 kwa miliampea 14 ni karibu ampea 10 kwa sentimita ya mraba, lakini lenzi haigawi mwanga sawasawa, na katikati ya doa unaweza kuwa mara kadhaa ya wastani. Lengeni kilele cha mamia ya ampea kwa sentimita ya mraba, na kipimwe baada ya kukuza rundo lote, yaani kuotesha tabaka zote za fuwele moja juu ya nyingine. Sampuli ya diodi iliyokuzwa peke yake haijapitia joto la kukuza tabaka zinazofuata, ambalo husambaza uchafu na kupunguza makali ya makutano. Zinki husafiri upesi. Kaboni hutulia zaidi. Ndiyo maana upande wa p wenye kaboni na upande wa n wenye teluriamu hupendwa.

Swali: Kama seli ni ileile, kwa nini ufanisi wake unapanda mwanga ukikusanywa, halafu baadaye unashuka?

Mkondo huongezeka sawia na mwanga, kwa hiyo wenyewe haubadilishi ufanisi. Kinachopanda ni volteji. Kila makutano huongezeka kwa takribani volti 0.0257 mara logi asilia ya mkusanyo, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Logi ya 500 ni 6.2, hivyo kila makutano hupata volti 0.16, na matatu hupata karibu 0.48. Seli yenye volti 2.6 chini ya jua moja hufika karibu 3.1.

Adui ni ukinzani, na hasara yake hukua kwa mraba wa mkondo. Kwa jua 500 mna ampea 7 kwa kila sentimita ya mraba. Ukinzani wa omu 0.01 kwa sentimita ya mraba hula volti 0.07, jambo linalovumilika. Ukiwa 0.05 hula 0.35, na sehemu kubwa ya faida ya mkusanyo imeisha. Ufanisi hufika kileleni pale ambapo, ukiongeza mwanga kidogo tu, nyongeza ya volteji inalingana na nyongeza ya hasara hii.

Vidole vya metali juu ya seli ndipo penye mvutano mkubwa. Chukua tabaka la juu lenye ukinzani wa omu 400 kwa mraba. Hasara ya mkondo unaotembea pembeni kuelekea vidole huhesabiwa kwa ukinzani huo, mara mraba wa umbali kati ya vidole, gawa kwa 12. Vidole vya upana wa maikromita 5 vikiwa umbali wa maikromita 100, kivuli ni asilimia 5 na ukinzani huo hula karibu asilimia 0.8, jumla 5.8. Ukivitanua hadi maikromita 200, kivuli hushuka hadi 2.5 lakini ukinzani hupanda hadi 3.3, jumla ni ileile. Kwenye 150 hupatikana kama 5.2. Sasa punguza upana wa kidole hadi maikromita 3 na urudishe umbali kuwa 100: jumla hushuka hadi 3.8. Hakuna mabadiliko ya unene wa fuwele yatakayokupa kiasi hicho kwa urahisi huo. Ila kidole chembamba kinahitaji kimo, kama maikromita 5, la sivyo ukinzani wa metali yenyewe utachukua nafasi ya ule uliouondoa. Kimo hicho kikizidi upana, ubandikaji wake lazima uwe imara, maana vidole hivyo hung'oka wakati wa kuosha resini.

Swali: Tunakuza tabaka za asenidi ya galiamu juu ya jemaniamu, na uso unatoka na ukungu badala ya kung'aa. Tuanzie wapi?

Anzeni na kisahani chenyewe. Jemaniamu ina aina moja ya atomi, asenidi ya galiamu ina mbili, na mpangilio wao unaweza kuanza kinyume sehemu mbalimbali za uso. Mipaka ya maeneo hayo ndiyo ukungu. Kisahani kilichokatwa kwa mwinamo wa nyuzi 6 hivi huupunguza sana, kwa sababu ngazi zake huwa za atomi mbili mbili.

Halafu tazameni ulinganifu wa fuwele. Jemaniamu ina nanomita 0.5658, asenidi ya galiamu 0.5653. Tofauti ni ndogo, asilimia 0.08, lakini kwenye tabaka nene huzaa mistari ya kasoro. Asilimia 1 ya indiamu huiondoa. Kwa seli ya juu, uwiano wa galiamu na indiamu uwe karibu nusu kwa nusu. Hakikisheni kwa mionzi ya eksirei kila mnapobadilisha chupa ya kemikali.

Kama tabaka zenye alumini ndizo zenye shida, tafuteni maji na oksijeni katika gesi. Alumini hunyakua oksijeni yoyote iliyopo, na elektroni zilizozalishwa na mwanga wa buluu hufia hapo. Kisafishaji cha gesi kilichochoka huonekana kwanza kwenye buluu, kabla mchoro mwingine wowote haujaonyesha dalili. Na haya yote hufanyika kwa gesi za asini na fosfini, ambazo huua kwa kiasi kidogo sana. Bila vitambuzi vinavyofanya kazi na mtambo wa kusafisha hewa chafu, kazi isianze.

Swali: Seli yetu ya milimita 5 kwa 5 chini ya lenzi ya mara 500 imeungua katikati. Kipoza joto kilikuwa kikubwa, tena cha alumini nene. Imekuwaje?

Tuhesabu pamoja. Lenzi ni sentimita za mraba 125. Mwanga wa wati 900 kwa mita ya mraba huleta wati 11.25, lenzi ikipitisha asilimia 85, seli hupata 9.6. Ikigeuza asilimia 40 kuwa umeme, wati 5.7 hubaki kuwa joto kwenye robo ya sentimita ya mraba, yaani wati 23 kwa sentimita ya mraba. Waya ukikatika, au mkiiacha bila mzigo, wati zote 9.6 hugeuka joto.

Bamba la alumini lenye ukubwa wa lenzi linatosha kutawanya wati hizo bila feni. Seli itakuwa nyuzi 30 hadi 45 juu ya hewa. Tatizo huwa karibu na seli, katika maikromita chache chini yake. Lehemu ya unene wa maikromita 50, ikiwa imejaa vizuri, huongeza chini ya nyuzi 1. Gundi ya fedha yenye upitishaji wa wati 2 kwa mita kwa nyuzi huongeza karibu 6 kwa unene uleule. Lakini kiputo kimoja kikubwa katikati, pale pale doa la mwanga lilipo, huacha joto likose njia. Sehemu hiyo ikipata moto volteji yake hushuka, mkondo wa maeneo jirani hukimbilia hapo, joto huzidi, na mzunguko huo huishia kwenye tundu mliloliona.

Pigeni picha ya eksirei ya kila seli baada ya kulehemu. Viputo vidogo vilivyotawanyika havitishi kama kimoja kipana. Kuyeyusha lehemu ndani ya ombwe huvitoa vingi. Msingi wa kauri ya nitridi ya alumini, uliobandikwa shaba pande zote mbili, hupitisha joto vizuri kuliko wa alumina mara kadhaa. Wekeni pia diodi ya kukwepa sambamba na kila seli, ili seli iliyo kivulini isilazimishwe kubeba mkondo wa wenzake kinyumenyume.

Swali: Mtambo wa kufuata jua unatakiwa uwe sahihi kiasi gani?

Jua lenyewe lina nusu-pembe ya nyuzi 0.27. Sheria ya macho husema pembe kubwa kabisa inayopokelewa hupatikana kwa sini yake kuwa moja gawa kwa kipeuo cha pili cha mkusanyo: nyuzi 2.6 kwa mara 500, nyuzi 1.8 kwa mara 1000. Lenzi ya Fresnel (lenzi bapa yenye mifuo ya duara) peke yake iko mbali chini ya hapo. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 200 ikikosea nyuzi 1, doa husogea milimita 3.5, na seli ya milimita 5 imeshapoteza sehemu kubwa ya mwanga. Lengeni kosa la nyuzi 0.1 kwa mtambo, na mwache nafasi iliyobaki kwa upepo, uzito wa fremu na makosa ya kuunganisha. Kioo cha pili chenye umbo la piramidi, kikiwekwa juu ya seli, hupanua pembe hiyo na kuchanganya rangi. Kuchanganya rangi ni muhimu, maana lenzi hulenga buluu na nyekundu mahali tofauti, na seli ya juu na ya kati huweza kupata madoa yasiyofanana.

Kingeni kwa metali nyaya na plastiki zote zilizo kando ya seli. Siku mtambo utakapokwama, doa litatembea juu yake.

Swali: Tumepata kipimo cha kujaza cha asilimia 89 kwenye seli mpya. Tushangilie?

Bado. Kipimo cha kujaza ni nguvu ya juu kabisa ya seli gawa kwa zao la mkondo wa saketi fupi na volteji isiyo na mzigo. Mikondo ya seli isipolingana, kipimo hicho huwa kikubwa zaidi. Mikondo ikilingana, kipimo hushuka hadi chini kabisa. Taa ya xenoni ina vilele vikali kati ya nanomita 800 na 1000, hivyo huweza kulisha seli ya kati kupita kiasi na kuficha upungufu wake. Rekebisheni taa kwa seli za rejea, moja kwa kila makutano, zenye tabaka zilezile lakini makutano moja tu ndiyo hai, mpaka kila moja itoe mkondo inaopaswa kutoa chini ya AM1.5D. Mnapopima mwitikio wa kila rangi, ijazeni mwanga wa ziada kila seli msiyoipima, ili ile mnayoipima ndiyo ibane mkondo. Jemaniamu iliyo na mvujo huonyesha mwitikio mahali isipostahili. Kuongeza volteji ya mbele wakati wa kupima husaidia.

Na semeni eneo mlilotumia. Kuhesabu eneo lililo wazi peke yake, bila metali ya pembeni, hupandisha namba bila kuongeza hata wati moja.

Swali: Rekodi zimefika wapi?

Kampuni ya Spectrolab ya Marekani walivuka asilimia 40 mwaka 2006, kwa 40.7 chini ya jua 240. Seli ya makutano manne ya taasisi ya utafiti ya Ujerumani, Fraunhofer ISE, na wenzao ilifika 46 mwaka 2014 chini ya jua 508. Mwaka 2020 NREL, maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, walitangaza 47.1 kwa makutano sita chini ya jua 143, na wakaeleza kuwa ukinzani ndio uliowazuia kuvuka 50. Mwaka 2022 Fraunhofer ISE walifika 47.6 chini ya jua 665. Hii ya mwisho tunaithamini kuliko zote: muundo wa seli ulikuwa wa awali, nyongeza ilitoka kwenye tabaka za mguso wa metali na mipako minne ya kuzuia mwakisi. Wanafunzi wengi hukimbilia semikondakta mpya wakati metali yao bado inawala asilimia mbili.

Swali: Ninaweza kujaribu nyumbani kwa lenzi ya Fresnel na seli ya kawaida ya silikoni?

Kwa mara 2 au 3, kwa vioo bapa na ubaridi mzuri, ndiyo. Zaidi ya hapo hapana. Seli ya kawaida ina ukinzani wa karibu omu 0.5 kwa sentimita ya mraba. Chini ya jua 20 hutoa ampea 0.8 kwa sentimita ya mraba, na volti 0.4 kati ya 0.6 ulizonazo zitapotelea ndani yake. Utapata joto, si umeme. Doa la lenzi ya sentimita 30 huchoma mbao na kuharibu jicho hata kwa mwanga unaoakisiwa, kwa hiyo vaa miwani ya mchomeleaji, funika lenzi kwa kitambaa kizito unapoihamisha, na usifungue waya wowote kabla lenzi haijafunikwa.